Barua ya wazi kwa Triple H na wakubwa wa WWE: Oba Femi msije mkamchinjia baharini

Kwa Mzee Paul Levesque, Triple H mwenyewe, kwa Nick Khan, na kwa wote mnaokaa kwenye ile meza ya kupanga nani anashinda nani anapigwa kule WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani. Shikamooni. Huku Mtwara hatujambo, mwisho huu wa mwaka 2025 msimu wa korosho ndo unaelekea mwishoni, watu wana hela kidogo mfukoni na mabanda ya video yanajaa, kwa hiyo mieleka inaongelewa kuliko kawaida, na hayo yanayoongelewa ndo nimeona niwaandikie maana sidhani kama kuna mtu anayewaletea habari za huku.

Mtadhani nataka kuongelea John Cena. Nitamfikia, maana kuna watu mpaka leo hawajatulia tangu alfajiri ile alipopigwa na Gunther kwenye pambano lake la mwisho. Ila kilichonifanya nishike simu nianze kuandika ni Oba Femi.

Kijana kazaliwa Lagos, akaenda Marekani kusoma, akawa anatupa tufe chuo kikuu cha Alabama, mkamuona mkamchukua mkamweka NXT, kule mnakokuzia vijana. Januari 2024 akabeba mkanda wa North American akakaa nao siku 273, hakuna mtu aliyewahi kuushika muda mrefu hivyo. Januari 2025 akawachapa Trick Williams na Eddy Thorpe kwenye pambano moja akachukua mkanda mkubwa wa NXT, Septemba akaupoteza kwa Ricky Saints, na tarehe 6 Desemba kwenye Deadline akaurudisha kwa Ricky huyohuyo. Hapo hamjakosea hata kidogo, nawapa heko, mmemlea taratibu mpaka kaiva.

Lakini takwimu sio kinachowafanya watu wa huku wampende. Mwangalieni anavyoingia. Anatembea taratibu, haruki ruki, hapigi kelele, mabega yamepanda, anamtazama mwenzie bila haraka yoyote. Akipigwa ile ngumi ya kwanza harudi nyuma, anaangalia pale palipopigwa afu anainua macho anamwangalia aliyempiga, na hapo ndo banda zima linaguna kwa pamoja, mmmh, maana kila mtu anajua kinachofuata. Anamnyanyua mtu anamrusha juu kidogo, anamdaka hewani, anamshindilia chini, refa anahesabu imeisha. Kuna wazee kwenye banda letu hawajui hata neno moja la Kiingereza na wanaielewa stori ya Oba Femi mwanzo mwisho, na mimi naamini hicho ni kipaji ambacho hakifundishwi, mtu anazaliwa nacho.

Sasa tarehe 13 Desemba kule Washington mkampa nafasi ya kusimama na Cody Rhodes, bingwa wa NXT na bingwa wa SmackDown, kipindi chenu kikubwa cha kila wiki, uso kwa uso, huku kwetu ilikuwa Jumapili saa kumi alfajiri na watu walikuwa macho. Afu Drew McIntyre akaja kuvuruga, pambano likaishia hewani. Nilielewa, hamkutaka yeyote kati yao apigwe, na mara moja inakubalika. Ila ndo hapo roho yangu ilipoanza kushtuka, kwasababu sisi mashabiki wa Afrika tulishawahi kupanda gari hili na tunajua linavyoweza kutushushia njiani.

Nawakumbusha ya Kofi Kingston.

Kofi ni mtoto wa Ghana. Alipoanza kwenu mwaka 2008 mlimtangaza kama Mjamaika, sawa, yakapita. Miaka kumi na moja alikuwa anapiga kazi bila kulalamika, kila Royal Rumble, lile pambano la kutupana nje ya ulingo mpaka abaki mmoja, anafanya vituko vya kukwepa kutolewa, anatembea kwa mikono, anaruka kwenye viti, watu wanapiga makofi afu mnamrudisha palepale. Februari 2019 Mustafa Ali akaumia, Kofi akaingizwa kuziba pengo, ghafla watu wakaamka, wakaanza kuimba jina lake, na kwa kweli mlisikiliza. Tarehe 7 Aprili 2019, WrestleMania 35, sherehe yenu kubwa ya mwaka, akampiga Daniel Bryan akawa bingwa wa dunia, wenzake wa timu Big E na Xavier Woods wanalia ulingoni, watoto wake wanapanda kumkumbatia. Baadae akaenda Ghana na mkanda wake. Jamani, nyie mnaona ni kipande cha kipindi. Sisi huku tuliona mtu aliyezaliwa Afrika anaitwa bingwa wa WWE na hakuna aliyemcheka, na wale watoto waliokuwa wanajirusha kwenye mchanga wa Shangani kila mmoja anagombea kuwa Kofi, hakuna anayetaka kuwa Roman Reigns wala Brock Lesnar.

Afu tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo mkamleta Brock Lesnar. Hata sekunde kumi hazikufika. Kengele, F-5 moja, ile ya kumzungusha mtu kutoka begani na kumbwaga, moja mbili tatu, kwisha. Na sio kupigwa ndo kulikouma, bingwa yeyote anapigwa siku moja, kilichouma ni kwamba wiki iliyofuata ni kama hakuna kilichotokea, hakudai marudiano ya maana, hakukasirika, hakuna aliyemuuliza unajisikiaje, karudishwa kwenye timu ya wawili anatabasamu. Stori ya miaka kumi na moja ikafungwa kama mtu aliyezima taa tu akaenda kulala. Mlimchinjia baharini, na hamjawahi kueleza kwanini. Ndo maana nasema, Oba Femi akija rasmi Raw au SmackDown, na ni lazima aje maana NXT hana tena wa kumfanya kitu, msimpe mwezi mzuri mmoja afu mkamtafutia mtu wa zamani wa kumfuta.

Kuna lingine kuhusu yeye na hili nalisema kwa uchungu. Msije mkampa mkuki.

Waulizeni wazee wenu. Miaka ile kulikuwa na Kamala, jitu linaitwa la Uganda, limepakwa rangi kifuani na usoni, linaingia na kinyago na mkuki, haliongei, linapiga tumbo lake makofi. Mwenyewe alikuwa anaitwa James Harris, mtu wa Mississippi, Mungu amrehemu alifariki 2020, na simlaumu yeye maana alikuwa anatafuta riziki, ila Uganda ni majirani zetu, tunawajua Waganda, na hatujawahi kuona Mganda wa namna ile. Mtasema hiyo ni zamani. Haya, 2021 je? Apollo Crews, mtoto wa California mwenye asili ya Nigeria, alikuwa anaongea kawaida miaka yote, ghafla mkambadilishia lafudhi, mkampa mkuki na walinzi, na WrestleMania 37 mkamfanyia pambano mkaliita la ngoma za Nigeria, akampiga Big E akapata mkanda, halafu baada ya muda vyote vikaachwa, lafudhi ikaondoka ilivyokuja. Apollo ni mwanamieleka mzuri sana na ule mkanda alistahili. Lakini mtu wa Lagos akiangalia vile anajiuliza hivi huyu ni nani, na mtu wa Mtwara pia anajiuliza.

Oba Femi mpaka sasa mmemwacha awe mtu. Anavaa vizuri, anaongea sentensi mbili tatu nzito, anaondoka. Uafrika wake uko kwenye anavyosimama, hahitaji ngozi ya chui. Mwacheni hivyohivyo, nawaomba sana, na yeyote atakayeingia kwenye kikao chenu na wazo la ngoma na moto mwambieni tulishajaribu.

Najua kuna watu watasema huyu mbona anahangaika na mambo ya kuigiza. Huwa naambiwa hivyo hata na ndugu zangu, kwamba mieleka ni maigizo, matokeo yamepangwa, unakesha kwa kitu gani. Mimi huwa nawajibu kwa mapiko. Wamakonde wa Newala na Tandahimba wanaelewa hili kuliko Mmarekani yeyote. Lipiko likiingia uwanjani na kinyago chake kichwani, ngoma zinagonga, watoto wanakimbia wanapiga kelele, akina mama wanarudi nyuma, na kila mwanaume aliyepita jandoni anajua ndani mle kuna mtu, tena pengine ni shemeji yake aliyekula nae ugali mchana, ila hakuna anayesimama katikati kutangaza. Na anayecheza nae anajua ana kazi ya kumaliza alichoanza, hawezi kucheza nusu afu akavua kinyago akakaa chini ya mwembe watu wanamwangalia, hiyo ni aibu kwake na kwa waliomtuma. Hicho tu ndo tunachodai kwenu. Hatujali kwamba mmepanga. Tunajali kwamba mkianza mmalize.

Na kumaliza mnaweza, mimi mwenyewe ni shahidi, niliifuatilia stori ya Cody kuanzia aliporudi WrestleMania 38 mwaka 2022. Baba yake Dusty Rhodes, mtu aliyependwa na kila mtu, hakuwahi kuushika ule mkanda wenu mkubwa, mtoto anarudi kuufuata. Juni ile akapanda ndani ya kizimba na Seth Rollins huku msuli wa kifua umechanika, akavua koti, upande mzima wa kulia mpaka mkononi umekuwa zambarau iliyokolea kama kuna mtu kammwagia wino, na akapigana mpaka mwisho akashinda. Hapo hakuna aliyesema maigizo. 2023 akashinda Royal Rumble, akaenda WrestleMania, Solo Sikoa akaingilia, Roman akabaki na mkanda, watu walikata tamaa. Mwaka uliofuata mkataka kumweka The Rock kwenye nafasi yake, mashabiki wakakataa dunia nzima, wakapiga kelele tunamtaka Cody, na nyie mkageuza. Mkageuza kweli! Tarehe 7 Aprili 2024 Philadelphia, Cena kaja, Undertaker kaja, siku 1,316 za Roman na mkanda zikaisha, Cody bingwa. Ile ndo inanipa nguvu ya kuandika barua hii, kwasababu najua mnasikia mkitaka.

Ndo maana la Cena linatusumbua.

Machi 2025 Toronto mlifanya kitu ambacho sikuwahi kufikiria nitakiona, Cena amemkumbatia Cody afu anamgeuka, The Rock anakata ishara ya shingo kwa kidole, Cena mtu mbaya baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuwa steringi. Mimi niliruka. Mitaa yote ya Chikongola na Ligula wiki ile ilikuwa hiyo tu, bodaboda, wauza mihogo, kila mtu ana maelezo yake kwanini Cena kauza roho kwa The Rock. Tukasubiri WrestleMania 41 Las Vegas kwamba ndo tutaelezwa. The Rock hakutokea. Hakutokea kabisa! Akaja Travis Scott, mwanamuziki, akaingilia pambano, Cena akashinda mkanda wa 17 akaivunja rekodi ya Ric Flair kwenye pambano ambalo nina hakika hata yeye hapendi kuliangalia. Ile roho iliyouzwa haikuongelewa tena, na kabla ya SummerSlam Cena akarudi kuwa mtu mwema wiki moja tu kama aliyebadilisha shati. Agosti akapigwa na Cody kwenye pambano zuri sana, nakubali, lile lilikuwa la kishujaa. Ila mliokaa mezani mlitunyima kitu ambacho hakitapatikana tena, maana Cena hawezi kustaafu mara ya pili.

Afu ikaja alfajiri yenyewe, pambano la mwisho la Cena, usiku uleule wa Washington. Banda lilikuwa limejaa, kiingilio buku, watu wametoka mpaka Mikindani na pikipiki, kuna mzee mmoja muuza samaki pale feri ambaye ameanza kumfuatilia Cena toka enzi za kanda za video, alikuja na kofia yake ya kijani imepauka. Gunther kamkaba koo. Cena anatoka, anakabwa tena, anatoka, anakabwa tena, na kila akitoka watu wanasimama. Mwisho akawa anazama, uso umebadilika rangi, halafu akatabasamu. Akatabasamu na akagonga kwa mkono, yaani kasalimu amri. Mtu aliyetufundisha miaka yote kwamba hakuna kukata tamaa, aliyetembelea watoto wagonjwa zaidi ya 650 waliosema nataka kumuona Cena, anagonga. Yule mzee hakusema kitu, alivua kofia akaiweka kwenye goti, na jenereta ikawa inasikika yenyewe tu huko nje. Kule Washington mashabiki walikuzomea Triple H ulipotoka, nadhani ulisikia, na huku hapakuwa na wa kuzomea lakini walikuwa wamekasirika vilevile.

Mimi msimamo wangu hauko na wengi, na nausema wazi. Cena kupigwa ni sawa. Mkubwa anayeondoka anatakiwa amwachie mdogo, hiyo ndo heshima ya kazi yao na Cena mwenyewe ndo mtu wa kwanza kuikubali. Hata lile tabasamu nililielewa, nililiona kama mtu anayejua kazi imeisha anaachia. Shida yangu ni aliyeachiwa. Gunther ni mkali mno, ile sauti ya kofi lake kifuani inafika mpaka kwenye viti vya nyuma, alishika mkanda wa Intercontinental, ule wa chini ya mkanda wa dunia, siku 666, alishakuwa bingwa wa dunia, Julai 2025 alimstaafisha Goldberg. Ana kila kitu tayari! Mkamwongezea na Cena. Mngempa Cena usiku ule mtu ambaye kesho yake maisha yanabadilika, mngempa Bron Breakker, mngempa Dominik, mngempa Oba Femi aliyekuwa mulemule ndani ya jengo usiku uleule, leo dunia nzima ingekuwa inamuuliza Oba Femi unajisikiaje kumgongesha Cena, na hiyo stori mngekula nayo miaka kumi. Ile nafasi mmeitumia kumjaza mtu aliyekwishajaa.

Na hapa ndo naona ugonjwa wenu ulipo, hamuamini vijana mpaka mwisho. Bron Breakker nae ni mfano. Mtoto wa Rick Steiner, mdogo wake baba ni Scott Steiner, damu ya mieleka imejaa, anakimbia kuzunguka ulingo kwa kasi ambayo unaogopa hata ukiwa kwenye benchi la banda, akikugonga na ile spear, anakuvaa na bega, unageuka hewani. Oktoba yeye na Bronson Reed wakamgeuka Seth Rollins, safi sana, nilipenda. Novemba kwenye Survivor Series San Diego mkampa amhesabishe bingwa wa dunia CM Punk, safi tena, halafu katikati mkatuletea jamaa kajifunika uso aje amsaidie. Kwanini? Breakker anahitaji msaada wa nani kumpiga mtu wa miaka 47? Punk nampenda, anaongea mpaka nywele zinasimama, lakini ule mkanda wa dunia kwake ni wa kumbukumbu na kwa Breakker ni wa maisha.

Dominik Mysterio ndo mmepatia, hata kama kwa muda mrefu, miaka ya kuzomewa mpaka sauti yake haisikiki, kila mtu anamchukia kwa kumkana baba yake, afu taratibu watu wakaanza kumpenda kwa uhuni wake, na mwisho huu wa 2025 anashika Intercontinental na mkanda wa AAA, kampuni ya mieleka ya Mexico. Hakuna aliyemharakisha. Je'Von Evans yule mtoto anayeruka nae msimharakishe, kazaliwa 2004, anaenda juu kiasi kwamba watoto wa huku wanasema ana springi miguuni, mwacheni apigwe kidogo kidogo ajifunze kuongea.

Akina dada nao nawaombea muda. Banda letu siku hizi wanakuja wasichana wengi, hasa Stephanie Vaquer akiwa na pambano, mtu wa kwanza wa Chile kuwa bingwa wa dunia kwenu, alichukua Septemba kwa kumpiga IYO SKY, na ile ya kumgongesha mtu kichwa chini huku kamkalia kwa miguu watu wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka anachoka. Pambano la IYO, Rhea Ripley na Bianca Belair pale WrestleMania 41 kwangu ndo lilikuwa bora kuliko yote ya siku mbili zile. Halafu kwenye vipindi vya kila wiki mnawapa dakika nne, mbili zimeliwa na matangazo. Jade Cargill ana mkanda na bado hatujui anataka nini zaidi ya kuwa na nguvu. Mwandikieni kitu.

Niongelee na masaa yetu maana hili halihitaji hela. Raw, kipindi chenu cha Jumatatu, kwetu ni saa kumi alfajiri kipindi hiki, mtu akeshe afu aende shamba au bandarini, wengi wanaishia kuona klipu kwenye simu na bando lenyewe linaisha katikati ya pambano. Paris Agosti iliyopita tuliona saa tatu usiku, familia nzima, mabanda yalifurika. Januari 31 mnapeleka Royal Rumble Riyadh, na saa za Riyadh na za Mtwara ni zilezile hazipishani hata dakika, na WrestleMania ya 2027 mmesema ni hukohuko. Kwa hiyo bila kupanga mmeshatuwekea sherehe zenu kwenye muda wetu mzuri. Sisi tuko macho saa hizo, tutakuwepo. Sasa yule mtu wa kwetu Oba Femi mumuweke usiku huo, asiwe mtu wa kupita. Akiingia Rumble akae muda mrefu, atoe watu, na atakayemtoa awe ameanzisha nae ugomvi wa kufika WrestleMania ya Las Vegas Aprili.

Nikiwa hapohapo, mmeshaona wale vijana wa Mukono, Uganda? Soft Ground Wrestling, ulingo wao ni tope, kona ni mianzi, kamba za kufunga tu, na wanaruka vilevile mnavyoruka nyie kwenye turubai laini. Klipu zao dunia nzima imeziona. Kinshasa nako wana mieleka yao yenye uganga ndani yake miaka mingi. Mna watu wa kutafuta vipaji wanazunguka kila bara. Tumeni wawili waende Mukono wakaangalie kwa macho yao, wapite na Dar, AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, viwanja vipo, Benjamin Mkapa unaingiza watu elfu 60. Afrika Kusini mlishawahi kufika na maonyesho ya kuzunguka, huku kwetu hamjatia mguu.

Lakini hata msipokuja, hili la Oba lifanyeni. Mimi ningekuwa kwenye kikao chenu ningesema hivi. Asiguse mkanda mkubwa kwa haraka, mwaka 2026 wote ajenge. Aanze na Drew, maana Drew ndo aliyevuruga pambano lake, ana deni lake na hakuna anayehitaji kuelezwa. Amshinde wazi, katikati ya ulingo, bila jamaa wa kujifunika uso, bila mtu wa kumshika refa. Aje Gunther baadae, wagongane vifua, hapo mtauza tiketi mpaka za kusimama, na aliyemstaafisha Cena apigwe na Oba, ili ile alfajiri ya Desemba ipate maana kwetu sisi tuliokesha. Brock Lesnar mkitaka kumleta, mleteni, ila safari hii anayelala ni Brock, na dakika ziwe nyingi, tuone yule mtu aliyemfuta Kofi kwa F-5 moja anamnyanyua Oba na Oba anashuka kwa miguu yake. Mkifanya hivyo sitawauliza tena habari za 2019. Cody awe wa mwisho, kwasababu lile pambano lao lilivunjwa na bado wanadaiana, na mkanda ukibadilika mikono usiku huo mumpe Oba mwaka mzima nao.

Na akishindwa siku moja, mtuoneshe wiki inayofuata kakasirika.

Nasubiri Januari 31.

Shabiki wenu, Chikongola, Mtwara